Mgonjwa Hapimwi: Gari la Musonda Hadi Kasenga

Tangu turudi, kila ninayekutana naye mbele ya shule ananiuliza jambo lile lile: mbona gari la mdogo wako limesimama juu hivyo, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto? Zamani si lilikuwa linalamba lami? Siku za kwanza niliudhika, nikawajibu vibaya baadhi yenu. Naomba radhi. Nimeona heri niandike mara moja, msome wote, niache kurudiarudia habari hii.

GOLF HADI KIPUSHI

Musonda, mdogo wangu, anakaa Golf, mtaa wa mjini wa watu wenye nafasi, katika nyumba ya kazi yenye maua mbele na mlinzi getini. Mnajua vijana wa mjini wenye mshahara walivyokuwa siku zile. Kila mmoja alitaka gari lishuke. Wanapeleka kwa fundi, fundi anachomoa resori, yaani vile vyuma vinene vilivyojikunja vinavyobeba gari juu ya magurudumu, anazikata vipande, anazirudisha fupi. Gari linachuchumaa kama mtu anayetafuta sindano, na wao wanaona ndio uzuri. La Musonda lilikuwa jekundu, na lilishuka hadi paka hakuweza kupita chini yake. Nilimwambia mapema kwamba umaridadi huo utamponza. Akacheka.

Mama alikuwa Kipushi, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba aliyefanya kazi shimoni. Alikaa na mdogo wake, Mama Mdogo Chanda, ndiye aliyemuuguza tangu mvua zianze. Mimi na Musonda tulikuwa tukienda Jumapili. Tunamkuta ameketi kitandani, amefunikwa vikwembe, yaani vitenge, viwili vitatu, uso wake ule ule. Tunakaa, tunakula, tunarudi.

Jumapili moja njiani gari liligonga tumbo mara nyingi hata nikaacha kushtuka. Na ile ni barabara nzuri! Tulipofika, Mama hakungoja hata tunywe maji.

"Batoto," alisema, "munipeleke Kasenga. Kwa yaya Mulenga. Minataka nifike nikiwa na mudomo ya kusema naye."

Yaya Mulenga ni kaka yake mkubwa. Mama alipoolewa na baba, mtu wa migodi asiye wa ukoo wala wa mto, yule kaka alikataa mahari na kumwambia mbele ya watu: "Hutakanyaga tena lupango yangu." Lupango ni uwanja wa nyumba na vyote vilivyomo. Tangu hapo Mama hakurudi Kasenga, kwao kando ya mto Luapula, na kaka hakuja mjini. Kwetu, neno la namna hiyo halifi pamoja na aliyelisema. Linabaki kwa watoto. Dawa yake ni moja tu: aliyelitamka achukue maji mdomoni, ateme chini mbele ya yule aliyeambiwa, aseme limekwisha. Na wote wawili wawe hai.

Malori ya samaki yanakwenda Kasenga, lakini abiria anakaa juu ya mzigo. Mama angekaa juu ya mzigo namna gani? Nilimtazama Musonda, Musonda akatazama nje, kwenye gari lake lililolala chini mlangoni.

KIPUSHI, KWA FUNDI SALUMU

Fundi Salumu ni mtu wa Kipushi, lakini babu zake walitoka Maniema. Ni mpole na anapenda maneno. Alilala chini ya gari, akatoka akijipangusa mikono.

"Nywele ukikata, inaota," akamwambia Musonda. "Resori ukikata, umekata. Ile yako ya zamani iko wapi?"

"Nilitupa."

"Bon. Ulitupa barabara ya Kasenga."

Akaeleza. Njia ile ina mifereji miwili ya malori na katikati kuna tuta la udongo na mawe. Gari likikaa chini, litapanda juu ya tuta na kuning'inia kama mbuzi aliyefungwa tumbo. Lazima liinuliwe. Alipata resori nene za pikapu iliyokufa. Chini ya kila moja akaweka vipande vya mpira alivyochonga kutoka kwenye mkanda mzee wa mgodini, ule unaobeba mawe. Akabadili na mipira ya breki, kwa sababu gari likiinuka, ile mifupi inavutika hadi inakatika. Nakiri nilianza kumwamini.

Kazi ilipokaribia kwisha alileta gari kwenye lupango yetu. Akasema resori hazipimwi gari likiwa tupu, watu wakae ndani vile watakavyokaa safarini, ndipo ajue aongeze mpira au apunguze. Tukamsaidia Mama kutoka kwenye kiti chake cha juani, akiegemea bega la Mama Mdogo, akaketi nyuma. Mama Mdogo akaingia ndani kuchukua maji. Salumu akachukua tete, akalisimamisha kando ya mlango wa Mama, akainama na kisu chake akate mahali ukingo wa gari ulipofikia.

Tulisikia sufuria ikianguka.

"We! We! Unapima nani?" Mama Mdogo alitoka mbio, akampokonya Salumu lile tete, akalivunja juu ya goti, vipande akavitia jikoni motoni. "Muntu angali anapumua, unamupima na tete?"

Salumu maskini alisimama na kisu mkononi. Kwao Waislamu mtu anazikwa na sanda, hakuna sanduku, angejuaje? Sisi tunajua tangu utoto. Tete hukatwa kando ya mtu mara moja tu, siku seremala anapokuja kupima sanduku la maiti. Mgonjwa hapimwi. Hata nguo humshonei kwa kipimo, unamwambia fundi cherehani akisie.

Aliyecheka ni Mama peke yake. "Chanda, acha muntu afanye kazi yake. Nikifika, nitafika. Tete haitaniongeza njia."

Lakini Mama Mdogo alikwisha kumtoa garini na kumrudisha ndani, mlango ukafungwa. Salumu akaomba msamaha kwenye mlango uliofungwa. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Basi, mutie kintu pahali pake. Kizito sawa naye."

Musonda akaazima mifuko ya unga duka la jirani. Akaweka mmoja, akaweka wa pili. "Mama iko munene," alisema. "Bado." Mimi ndiye niliyesema, "Tia na ya tatu." Tulikuwa tunamkumbuka Mama yule aliyebeba beseni la maji kichwani, Musonda mgongoni, na bado mkono mmoja ukabaki wa kunichapa. Salumu akaongeza mpira mpaka gari likakaa sawa chini ya mifuko mitatu. Mifuko ikarudi dukani.

KIPUSHI HADI MINGA

Asubuhi ya safari nilimbeba Mama mimi, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni. Nilijikaza kwa Mama ninayemjua. Karibu nianguke kinyumenyume. Chini ya vile vikwembe hapakuwa na kitu. Musonda alinishika bega nisianguke, akaona, akageuza uso.

"Mulipima mifuko tatu," Mama Mdogo alisema nyuma yetu, bila kupaza sauti. "Muliuliza nani? Mi njo namuogesha kila siku."

Akaingia nyuma kando ya dada yake, nami nikakaa mbele na Musonda.

Kwenye lami ya mjini tulikwenda vizuri, na watu walitutazama vile mnavyotutazama sasa. Lami ilipokwisha, ndipo tulipojua tulichofanya. Gari lilikuwa juu, tuta la katikati halikutugusa hata mara moja, fundi alisema kweli. Lakini resori zile zilingoja uzito ambao haukuwapo, hazikukunjika. Kila jiwe lilitupiga kama nyundo. Mama hakulia. Aliuma ncha ya kikwembe chake, akafumba macho. Musonda alikwenda polepole hata baiskeli zikatupita.

Kwenye kizuizi askari mmoja alizunguka gari, akainama, akachungulia chini, akanigeukia kwa neno la Serikali la kumwita kila mwanamke.

"Citoyenne, hii gari iko juu sana. Mumeficha nini?"

"Hakuna kitu. Tuko na mugonjwa," nikasema.

"Na hii mupira chini ya resori? Hii ni ya mugodi. Ni mali ya Serikali hii. Shukeni."

Musonda akaanza kueleza kwa Kifaransa chake cha ofisini, na mambo yakazidi kuharibika. Mtu wa kizuizini ukimwonyesha kwamba umesoma kuliko yeye, umejifunga mwenyewe. Jua lilipanda. Tuliambiwa tungoje mkubwa, na mkubwa alikuwa anakula. Mwishowe Mama alifungua macho, akamwita yule askari kama anavyoita mtoto wa jirani.

"Mwana, kuya hapa. Bwana yangu alitumika mule mu shimo mpaka kifua ikaisha. Bakaniletea koti yake na viatu. Mi silombe kintu ingine. Achia mi hii kipande ya mupira inibebe mpaka kwa ndugu yangu."

Askari aliweka mkono juu ya paa la gari. Kisha akawafanyia wenzake ishara, gogo likainuliwa. Tulipopita akasema, "Mama, ufike."

MINGA HADI KASOMENO

Tulifika kijiji cha Minga siku ya salongo, kazi ya lazima ya Serikali, watu wote wako barabarani na majembe wanaziba mashimo, na hakuna gari linalopita mpaka kazi iishe. Tukangoja kivulini. Pale ndipo alipotujia Mama Ngosa, mwanamke mpana mwenye sauti pana zaidi, ana gunia la mihogo mikavu na kinu kikubwa cha mti mgumu. Alitaka kwenda Kasomeno.

"Hapana," Musonda alisema. "Hii ni gari ya mugonjwa." Na ukweli ni kwamba hajawahi kumbeba mtu na mihogo. Ndani ya gari lile hata mkate hauliwi.

"Mubebe," Mama alisema.

"Mama, utabanwa."

"Nimesema mubebe."

Mama Ngosa akaingia nyuma, kinu kikawekwa miguuni pake, mihogo nyuma ya kiti. Nilisikia chuma kikilia chini yetu, gari likashuka kidogo. Tukaondoka. Jiwe la kwanza likapita, nikangoja nyundo. Haikuja. Resori zilikuwa zimepata kazi yake, zinakunjika na kurudi, polepole. Baada ya muda nikageuka. Mama alikuwa amelala, kichwa juu ya bega la mgeni, mdomo wazi kama mtoto.

Musonda alimwona kwenye kioo. Kuanzia hapo nilimwona ndugu yangu akigeuka mtu mwingine. Alianza kutafuta abiria. Na alitaka wazito! Mzee mwembamba mwenye fimbo, Musonda alimsalimia tu akampita, kisha akarudi nyuma kwa aibu kumchukua naye. Mbele kidogo alimwona bwana mmoja mnene anatembea kando ya njia, akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani kwa furaha.

"Muzee! We uko muzito muzuri! Ingia, bule, hulipe kintu!"

Bwana yule alitutazama. Akatazama gari jekundu lililosimama juu. Akatupa kapu lake na kuingia kwenye shamba la mihogo kwa mbio ambazo sikutegemea kwa mwili ule. Ndani ya kijiji wanawake walianza kuita watoto, milango ikafungwa.

"Mumeharibu," Mama Ngosa alisema. "Banazani muko batumbula."

Mtakumbuka hadithi hizo, za watu wanaokamata wenzao njiani, wanawanonesha na kuwauza. Na sisi tumekuja na gari la ajabu, tunamchagua mnene, tunambeba bure! Mama Ngosa ilibidi ashuke, asimame katikati ya barabara na kupiga kelele kwa lugha yao kwamba humu mna mama mgonjwa wa ukoo wa Kasenga, na huyu dereva ni mjinga wa mjini tu. Vijana wawili wenye mapanga wakaja, wakachungulia. Walipomwona Mama, waliweka mapanga chini, wakapiga makofi ya heshima. Bwana mnene aliletwa, akapanda, akacheka kuliko wote. Mkewe akatuletea kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, na viazi vya kuchoma. Mama akanywa munkoyo, ukakaa tumboni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi.

KASOMENO HADI KASENGA

Kasomeno wote walishuka. Mama Ngosa alihamishia mihogo yake kapuni, akaaga, akatembea kidogo, akarudi.

"Kinu ibaki," alisema. "Mukirudi mutanipa. Na mutafute mawe mbele muende."

Tukaokota mawe, tukayafunga kwenye gunia la mihogo alilotuachia tupu. Ndivyo tulivyoingia Kasenga, na kinu na gunia la mawe, kwenye harufu ya samaki wa moshi. Mama alikaa wima sasa, anataja njia kwa jina. Miti mingine haikuwapo na alituuliza imekwenda wapi, kana kwamba sisi ndio tulioikata.

Mjomba Mulenga alikuwa mlangoni mwa uzio wa lupango yake. Habari zilitutangulia, barabara ile haina siri. Mrefu, mweupe kichwani, mabega bado ya mtu wa nyavu. Hakuja mbele, hakurudi nyuma. Nilifungua mlango wa Mama. Miguu yake ilitoka ikaning'inia hewani. Gari lilikuwa juu mno, asingeweza kushuka mwenyewe.

Musonda akakimbilia kumshika. Mama akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Sishuke mi kama hajasema."

Watu walikuwa wamejaa. Tumekuja njia yote ile, na huyu mzee anaweza kugeuka aingie ndani, basi.

"Mwansa," Mjomba alimwita Mama kwa jina lake. "Mi nilisema nini?"

"Ulisema sitakanyaga lupango yako."

Mjomba akatembea hadi garini. Akaweka mkono mmoja chini ya magoti ya dada yake, mwingine mgongoni, akainua kwa nguvu zake zote. Na yeye pia akayumba nyuma, karibu aanguke. Akasimama palepale amemkumbatia, akamtazama usoni.

"Muntu iko wapi humu?" akasema. "Mwansa, muntu iko wapi?" Na akalia, mzee yule, mbele ya kijiji kizima.

Hakumweka chini. Alipita naye mlango wa uzio, akavuka uwanja, akamlaza kwenye mkeka wake mwenyewe. "Hukukanyaga," akamwambia. "Neno yangu imetimia, na imekwisha." Wakamletea kikombe. Akachukua maji mdomoni, akatema chini upande huu na upande huu, akampa Mama kikombe kilekile, akanywa.

Mama aliishi siku chache baada ya hapo. Alikula makobo, samaki wa kwao, vidole vyake mwenyewe vikitoa miiba. Aligombana na Mjomba juu ya nani aliyevunja mtumbwi wa baba yao. Asubuhi moja Mama Mdogo alitoka nje na uso wake ukatuambia.

Seremala akaja na tete. Mama Mdogo Chanda, yule aliyelivunja la Salumu, hakupiga kelele. Alipiga magoti, akashika ncha moja ya tete kwenye visigino vya dada yake, seremala akashika nyingine kichwani. Safari hii hatukukisia. Sanduku lilimtosha.

KURUDI

Kasomeno tulimrudishia Mama Ngosa kinu chake. Aliona kiti kitupu, akakipokea bila kuuliza, akakiweka chini na kutushika mikono mmoja mmoja. Kutoka hapo nyundo zilirudi, jiwe kwa jiwe. Mawe ya gunia tulikuwa tumeyaacha kaburini, kuzunguka udongo. Musonda hakutafuta abiria, wala mimi na Mama Mdogo hatukumwomba. Tuliona ni haki tupigwe.

Tulimpeleka Mama Mdogo Kipushi, na Salumu akaja kutupa pole. Alikaa nasi, akasoma dua yake, akala bukari, ugali wetu. Alipoondoka alisimama kando ya gari, akabonyeza nyuma kwa mikono miwili. Halikushuka hata kidogo.

"Iko ngumu kwa bantu babili," akamwambia Musonda. "Nilitia mupira ndani. Nikiondosha tatu, itashuka muzuri, itakuwa laini. Niondoshe leo?"

Musonda alishika mlango ule ambao Mama aliutokea.

"Acha vile," akasema. "Tulipima Mama wa zamani. Ikae palepale."

Ndiyo maana liko juu, rafiki zangu. Mkinikuta nainua kikwembe na mguu kupanda gari la Musonda, chekeni mkitaka, lakini mnipe mkono.